Maji ya Klimu Yanakwenda Wapi?

Maongezi ya kikundi cha ufundi mbele ya mkutano wa wanachama, Panda, Likasi



Komite ilituomba tuongee leo juu ya klimu, ile mashine ya kupoza hewa inayowekwa kwenye dirisha. Tunajua wengine walicheka waliposikia. Mama mmoja alituuliza pale mlangoni: "Batu banatafuta unga, ninyi munaongea klimu?" Mama, una haki. Wengi wetu hatuna klimu nyumbani, na usiku wa mwezi wa sita hapa kwetu mtu anatafuta blanketi. Lakini chama chetu kiko na klimu moja, kwenye chumba cha fotokopi, na ile moja ilitula pesa, ilitula ukuta, na ilituletea haya. Basi tutasema kwanza yaliyotupata, halafu namna ya kutafuta sababu ya maji, halafu mambo tuliyokubaliana na komite.

Yaliyotupata

Mnajua chumba chetu. Ndicho kinacholisha sanduku la chama. Pale tunapiga fotokopi, tunaandika barua za watu, tunachapa dosye za watoto wa shule. Wakati wa mvua karatasi inakunywa unyevu wa hewa, inajikunja, inashikana mbili mbili, na mashine inakwama. Ndugu yetu mmoja aliyerudi kutoka Johannesburg alitupatia klimu aliyokuja nayo. Tukafurahi. Tukaiweka sisi wenyewe kwenye dirisha, siku ya posho, bila fundi, juu kila mmoja wetu alisema anajua.

Mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, ilifanya kazi vizuri. Mwezi wa kumi na moja mvua ikaanza, na maji yakaanza. Kwanza tone moja moja upande wa ndani. Tukaweka basani. Halafu maji yakafuata ukuta, rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua. Tukaita fundi kutoka nje. Akaweka mkono mbele ya klimu, akasema: "Gazi imeisha, patroni." Tukalipa dola 40. Wiki ile mvua haikunyesha sana, maji yakapungua, tukasema amepona. Mvua ikarudi, maji yakarudi. Tukaita fundi wa pili. Naye akasema gazi. Tukalipa dola 45.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo hatupendi kuisema. Wiki ile ile ya dola 45, mama mmoja wa chama chetu, aliyerudi kutoka upande wa Zambia na watoto wanne, alikuja kuomba msaada. Binti yake alikuwa amezaa, na hawakuwa na pesa ya kulipa ili atoke hospitali. Tulifungua sanduku, tukaona halitoshi, tukamwambia: "Mama, ngoja kidogo." Yule binti na mtoto mchanga walikaa siku sita zaidi juu ya deni, kitanda kimoja watu wawili. Pesa yake ilikuwa imeingia kwenye klimu ambayo haikuwa na kosa la gazi.

Na kuko jambo lingine. Mdogo wetu mmoja, hatutataja jina lake maana mwenyewe hapendi, alirudi kutoka Dubai mwaka uliotangulia na begi moja. Kule alikaa miaka minne akiosha na kutengeneza klimu za nyumba za kupanga, kutoka asubuhi mpaka usiku. Siku ya basani ya kwanza alikuwa pale. Akasema: "Bakubwa, ile klimu inainama mbele." Mmoja wetu akamjibu mbele ya watu: "Wewe kama ulijua kazi, ungerudi na begi moja?" Watu wakacheka. Sisi pia tulicheka. Kijana akanyamaza, akaenda zake.

Alirudi siku ile maji yalipofika kwenye prizi. Palipiga cheche, fotokopi moja ikafa, na mtoto wetu anayefanya kazi pale alipigwa na kurani mkononi. Mungu alimlinda, leo mkono unafanya kazi. Kijana alikuja na chupa ya plastiki iliyojaa maji karibu yote. Akachomoa prizi ya klimu. Akailaza chupa juu ya mgongo wa klimu, na lile povu la hewa ndani ya chupa likakimbia upande wa njia. Maana yake upande wa njia ndio ulikuwa juu, na upande wa chumba ndio ulikuwa chini. Maji yalikuwa yanatafuta njia yao tu.

Akainua mbele kwa kipande cha ubao. Akatoa filtri, ilikuwa nyekundu na nzito kama kitambaa cha kupangusia viatu. Kwenye tundu la nyuma akatoa donge la udongo, nyumba ya nyigu. Jioni ile ndani hapakuanguka hata tone. Gharama yote: ubao na sabuni.

Maji si ugonjwa wa klimu

Hapa ndipo tulipokosea sisi wote, na wale mafundi wawili nao. Tuliona maji, tukasema klimu imeharibika. Lakini klimu inayofanya kazi wakati wa mvua lazima itoe maji. Weka chupa ya bia baridi mezani mwezi wa kwanza: baada ya dakika chache inatoka jasho. Lile jasho halikutoka ndani ya chupa, limetoka hewani. Hewa ya mvua imebeba maji ambayo macho hayaoni; ikigusa kitu baridi inayaacha pale. Ndani ya klimu, nyuma ya filtri, kuko bomba nyembamba na mapezi ya aluminiamu yenye baridi. Hewa ya chumba inapita pale, inaacha joto, inaacha na maji.

Tena klimu ya kwanza ilitengenezwa kwa sababu ya maji hayo. Mwaka 1902, mjini New York, upande wa Brooklyn, kulikuwa na kiwanda cha kuchapisha. Karatasi zilivimba na kunywea kwa unyevu wa hewa, rangi zikakosa kukaa mahali pake. Mhandisi kijana, Willis Carrier, akachora mashine ya kutoa unyevu katika hewa. Kwa hiyo shida ya chumba chetu cha fotokopi na shida ya kiwanda kile ni shida moja.

Klimu ndogo ya dirisha, hewa ikiwa na unyevu mwingi, inaweza kutoa karibu lita moja ya maji kwa saa. Ikifanya kazi saa nane, umepata karibu nusu ya bidoni ya lita ishirini ukiwa na siku mbaya. Maji yale yanaanguka kwenye sahani iliyo chini, yanatembea mpaka nyuma, nje ya nyumba. Kule nyuma, kwa klimu nyingi za dirisha, ventilateri iko na duara inayoyachota na kuyarusha juu ya bomba za moto. Mengine yanageuka mvuke, na bomba zinapoa vizuri zaidi. Ukisikia nyuma inafanya chapa-chapa-chapa, usiogope, ni kazi yake. Yanayozidi yanatoka kwenye tundu na kuanguka nje.

Basi usiulize "kwa nini kuko maji?" Uliza "maji yanakwenda wapi?" Yakienda nje, sawa. Yakija ndani, kuko kitu kimeyafungia njia.

Na sasa mnaelewa juu ya nini klimu yetu ilidanganya miezi mitatu. Wakati wa kiangazi hewa ya hapa ni kavu, klimu inatoa maji kidogo sana, hata ikiwa imeinama vibaya huoni kitu. Vumbi jekundu la njia zetu linajaza filtri polepole. Mvua ya kwanza ndiyo inaonyesha makosa yote kwa siku moja.

Namna ya kutafuta

Fuateni hatua hizi moja baada ya nyingine. Usiruke ya kwanza kwa sababu ni rahisi. Na kabla ya kugusa kitu chochote, zima klimu na uchomoe prizi. Kuzima kwa kitufe peke yake hakutoshi.

Kwanza, hakikisha maji ni ya klimu. Siku ya mvua kubwa, izime kabisa na uangalie. Maji yakiendelea kuingia, basi ni mvua: inapita kando ya dirisha, au kwenye ufa wa ukuta, au bati linavuja. Hapo muite mwashi, fundi wa klimu umuache apumzike.

Pili, pima mwinamo. Nyuma iwe chini kidogo kuliko mbele. Kidogo ni kidogo: kwa klimu nyingi nusu ya sentimita mpaka sentimita moja inatosha. Ukiwa na kitabu chake, fuata kitabu, maana zingine zimetengenezwa ziwekwe sawasawa, mwinamo uko ndani. Ukiwa na nivo ya mwashi, vizuri. Ukikosa, ile chupa ya maji inatosha: povu liende upande wa chumba. Usiinamishe sana, maji yatapita bila kupoza bomba, na klimu yenyewe inaweza kuteleza. Kumbuka ni nzito. Kuishika ni kazi ya watu wawili, mmoja ndani na mmoja nje, na mtoto asipite chini yake.

Tatu, osha filtri. Itoe mbele, ioshe na maji ya uvuguvugu na sabuni, ianike kivulini, irudishe ikiwa kavu. Wakati wa vumbi fanya hivi kila wiki mbili. Filtri ikiziba, hewa haipiti, bomba ya ndani inazidi baridi mpaka inafanya barafu. Ile barafu ikiyeyuka, maji yanaanguka mengi kwa mara moja, nje ya sahani, ndani ya nyumba.

Nne, fungua njia ya maji. Sahani inashika vumbi, vumbi likilowa linakuwa tope, na tope linazaa utelezi. Nyigu nao wanapenda lile tundu. Safisha kwa waya laini au brashi ndogo, halafu mwaga maji kidogo polepole uone kama yanatoka nyuma. Usitoboe tundu jipya kwa msumari. Tumeona watu wanafanya hivyo. Ukikosea unatoboa bomba, na hapo gazi itaisha kweli.

Tano, angalia barafu. Ukiona nyeupe kwenye mapezi, zima baridi, acha ventilateri peke yake mpaka iyeyuke yote. Usichokore na kisu. Kama filtri ni safi, ventilateri inazunguka kwa nguvu, na nje hakuna baridi, lakini barafu inarudi, hapo ndipo unaweza kufikiria gazi. Na usiwashe klimu usiku wa baridi: hewa ya nje ikishuka sana, mashine inafanya barafu hata ikiwa nzima.

Sita, ziba nafasi za kando. Kama kati ya klimu na dirisha kuko upenyo, hewa ya mvua inaingia, inagusa uso baridi wa klimu, na uso unatoka jasho. Ziba kwa musi au mastiki upande wa ndani. Nyuma usizibe kitu: ile mashine inapumua kule, na maji yanatokea kule.

Juu ya gazi

Gazi ya klimu haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa, inarudi ileile, miaka kumi kama hakuna tundu. Ikipungua, imevuja. Fundi akikuambia "gazi imeisha", muulize kwa heshima: "Inavuja wapi, baba?" Kama hawezi kukuonyesha mahali, kwa maji ya sabuni au kwa kifaa chake, unalipa gazi ambayo itatoka tena.

Tena klimu nyingi za dirisha zimefungwa kiwandani na hazina mlango wa kujazia. Anayetaka kuongeza lazima aweke valvu juu ya bomba, na ile valvu yenyewe inaweza kuanza kuvuja. Yetu imetobolewa namna ile. Leo inapoza, lakini mdogo wetu anasema tuiangalie sana.

Na kama klimu yako ni ya zamani, yenye R-22, jua kwamba gazi hiyo inaondolewa duniani kwa makubaliano ya Montreal ya 1987, juu inaharibu ozoni. Nchi kama yetu zimepewa mpaka 2030. Kila mwaka itakuwa haba zaidi na ghali zaidi. Sababu nyingine ya kutoiacha itoke bure.

Maji na kurani

Watu wa Likasi tunajua kwamba kurani inaweza kuzaliwa na maji. Kituo cha Mwadingusha, juu ya mto Lufira, kilianza 1930 kulisha viwanda vya hapa. Lakini nyumbani maji na kurani hawalali chumba kimoja. Prizi isikae chini ya klimu. Waya wa klimu uache mviringo unaoning'inia kabla ya kufika prizi, ili tone likifuata waya lianguke pale chini. Usiunganishe klimu kwenye prizi moja na fotokopi na frigo. Ukikuta ukuta umelowa kando ya prizi, usiuguse. Nenda ukate kurani kwenye diskonta kwanza. Na ndani ya klimu kuko kondensateri inayobaki na nguvu hata baada ya kuchomoa. Sehemu ile muachie anayeijua.

Maswali yaliyoulizwa

Baba mmoja aliuliza: maji ya klimu yanaweza kunywewa, si yametoka hewani? Hapana, baba. Yamepita kwenye vumbi, kwenye metali, kwenye utelezi wa sahani. Yatumie kupigia deki au kumwagilia maua.

Mama mmoja aliuliza kama bidoni ya kukingia maji inaleta mbu. Ndiyo, mama. Maji yakisimama, mbu wanazaa. Funika bidoni, mwaga kila siku, na mpira wa maji usielekeze kwenye lupango ya jirani.

Kijana mmoja aliuliza kama kumwaga javeli kwenye sahani kunasaidia. Javeli inakula aluminiamu. Sabuni na maji vinatosha.

Mambo tuliyokubaliana

Moja: mwanachama yeyote ambaye mashine yake imeharibika, klimu, frigo, pampu, aje kwa kikundi cha ufundi kabla ya kulipa mtu wa nje. Tutakuja kuangalia. Kama inatupita, tutasema inatupita.

Mbili: tumeandika daftari ya kazi ambazo kila mmoja wetu alifanya kule alikotoka. Kuko aliyepika hotelini, aliyeendesha greda, aliyeshona, aliyetunza wazee, aliyechimba. Hatukuandika alirudi na nini. Tuliandika anajua nini. Mkutano uliopita daftari ilikuwa na majina kumi na mawili. Tunataka kabla ya Noeli kila mwanachama awe ndani.

Tatu: mkono wa fundi uko na bei. Kusaidiana si kufanyishana kazi bure. Mdogo wetu amelipwa kwa siku ile, na ameanza kufundisha vijana wawili kuosha klimu za watu hapa Panda na Kikula. Sehemu ndogo inaingia kwenye sanduku, kubwa ni yao.

Nne: pesa ya ugonjwa na ya kuzaa imetengwa. Hakuna mashine itakayoigusa tena, hata ikikojoa mpaka barabarani.

Mwisho, yule mama yuko hapa leo, na mjukuu wake yuko mgongoni. Mama, tulikuomba samahani nyumbani kwako. Tunakuomba tena mbele ya wote. Na wewe mdogo wetu, uliyeketi kule nyuma karibu na mlango: yule aliyekujibu vibaya siku ile ni mmoja wetu sisi tunaoongea hapa. Ametuomba tuseme hivyo. Njoo ukae mbele.